Gramu Mia na Hamsini

"Na hilo nalo liandike kwenye simu yako," alisema Joachim. "Andika: saa tano asubuhi, Faustina ameanguka kama gunia la viazi."

Faustina alimjibu kwamba hakuanguka, alikaa. Joachim akauliza ni mtu gani anayekaa kwa uso. Vumbi lilikuwa bado limemganda mke wake kwenye paji na kwenye magoti ya suruali ya kazi, na mwenye bodaboda aliyemleta alikwisha kusimulia kila kitu pale mlangoni kabla hata ya kuzima pikipiki: jinsi mama alivyokuwa anapanda kilima na pampu ya maji mgongoni, jinsi alivyoyumba mara moja, mara ya pili, kisha akaenda chini na pampu juu yake.

Mezani, kati ya chupa ya chai na mizani ya jikoni, ilikuwapo karatasi. Joachim ndiye aliyeiandika, kwa herufi kubwa za mtu anayeandika mara mbili kwa mwaka. Ilimwomba mkuu wa shamba amwondoe Faustina kwenye orodha ya mtihani wa Jumatano na kumpeleka getini, kwa sababu za afya. Ilikosa sahihi tu.

"Tia sahihi, mama Devotha. Moto hausubiri mtu akae."

"Sitii."

Hiyo ilikuwa mara ya nne kusema hivyo, na kila mara sauti yake ilitoka nyembamba zaidi. Aliisikia mwenyewe, ikamkera kuliko maneno ya mumewe.

Faustina alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa na stashahada ya misitu, na kwa miaka kumi na saba alikuwa mfanyakazi wa shamba la miti huko nje ya Igowole. Miaka sita ya mwisho aliongoza kikosi cha kuzima moto: watu kumi na wawili, wanawake wanne. Kila Juni, kabla miti ya misindano haijakauka na kuanza kuitafuta njiti ya kiberiti, kikosi kizima kilipimwa. Mtu anabeba pampu yenye lita ishirini za maji mgongoni, anaanzia barabara ya chini, anapanda mpaka kwenye mnara wa kuangalia moto. Dakika thelathini. Anayefika yuko kikosini; asiyefika anapelekwa getini kufungua na kufunga, au kwenye kitalu kumwagilia miche, na anayeongoza asipofika, anakabidhi kikosi siku hiyo hiyo. Mwaka jana Faustina alifika kwa dakika ishirini na tisa na nusu, akazunguka nyuma ya mnara na kutapika mahali ambapo hakuna aliyemwona. Alikuwa na kilo themanini na sita. Aliposhuka, alijiambia kwamba mwakani hatapanda na mizigo miwili.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwezi Mei binti yake, Devotha, anayesoma ualimu Mbeya na kufanya mazoezi kwenye jimu moja ya Mwanjelwa, alikuja likizo akiwa na mizani ndogo ya jikoni na programu ya kuhesabia kalori. Alimwekea mama yake programu hiyo kwenye simu, akamwandikia na karatasi ya kubandika ukutani. Kalori elfu moja mia saba kwa siku. Protini gramu sitini na tano. Chini yake, vyakula: unga wa mahindi, gramu mia, kalori mia tatu sitini. Maharage, gramu mia, kalori mia tatu arobaini, protini ishirini na mbili. Yai moja. Mboga za majani na kijiko kidogo cha mafuta. Akasema, mama, kitu kimoja tu: usikadirie, pima.

Basi Faustina akapima. Ugali gramu mia na hamsini mchana, mia na hamsini jioni. Maharage gramu sabini na tano, mara mbili. Joachim aliuita ugali wa mtoto anayeumwa tumbo, lakini Faustina hakuongeza hata punje. Kwenye kikao cha akina mama kanisani alikataa maandazi mbele ya mchungaji. Siku ya ishirini na nne mkanda wake ulikuwa umerudi matundu matatu na kilo saba zilikuwa zimekwisha kuondoka. Wanawake walimwuliza dawa. Devotha alimtumia kwenye simu picha za makofi.

Wiki ya kwanza alipanda kilima kama kijana. Wiki ya pili kilima kikarefuka. Wiki ya tatu alianza kusikia baridi hata jikoni, nywele zikabaki kwenye kitana, na mchana alisinzia akiwa amesimama. Hakumwambia mtu. Aliamini kwamba nidhamu ndivyo inavyouma.

"Namba hazina uongo," alimwambia Joachim sasa, akamsogezea simu. "Soma. Juzi, elfu moja mia saba ishirini na tano. Siku iliyotangulia, hivyo hivyo. Mtu anayekula kalori elfu moja mia saba haanguki kwa njaa. Labda nina wadudu. Labda ni uzee."

Joachim hakuisoma simu. Alikuwa mkulima wa viazi na mfugaji wa nguruwe wawili, na elimu yake aliipatia shambani. Alisema nguruwe wake wakikonda namna ile asingesoma namba, angemwita bwana mifugo. Kisha akaigeukia mizani. Kitu cha sokoni, alisema, kimepita mikono mingapi? Nani aliwahi kuihakiki? Inawezekana mwezi mzima mwanamke huyu mwenye stashahada anadanganywa na kipande cha plastiki.

Hapo alimgusa penyewe. Faustina aliinuka, akashika ukingo wa meza mpaka macho yalipotulia, akachukua sahani iliyokuwa pembeni ya jiko. Ilikuwa sehemu yake ya jana jioni. Alikuwa ameupima ugali, akaandika kwenye simu kama kawaida, halafu usingizi ukamchukua kwenye kiti kabla hajala. Joachim aliiweka sahani karibu na mkaa isipoe, na pale ikakaa hadi asubuhi bila kufunikwa.

"Hii hapa," alisema. "Gramu mia na hamsini. Nimeandika. Tazama sasa."

Akauweka ugali juu ya mizani. Mizani ikasema mia moja ishirini na moja.

Joachim hakucheka, alipiga tu kofi moja juu ya paja. Faustina akautoa ugali, akaurudisha. Mia moja ishirini na moja. Akaenda kabatini, akaleta pakiti ya chumvi ya nusu kilo isiyofunguliwa, akaiweka. Mia tano na mbili. Akaweka na sukari ya kilo moja. Elfu moja na tatu. Karatasi ya pakiti nayo ina uzito wake. Mizani ilikuwa nzima kuliko wao wote wawili.

"Basi panya," alisema Joachim.

Faustina aliugeuza ugali mkononi. Haukuwa umemegwa. Alama ya mwiko ilikuwa bado juu yake, ila ngozi ilikuwa imekakamaa na kupasuka kwenye kingo. Aliushika hivyo kwa muda mrefu, hata Joachim akadhani kizunguzungu kimerudi, akamsogezea kigoda.

Lakini Faustina alikuwa mbali, kwenye uwanja wa magogo. Kila karani mpya anayefika shambani, somo lake la kwanza analipata kwa Faustina: gogo lililokatwa leo na gogo lililokaa uwanjani miezi mitatu linaweza kuwa gogo lile lile, lakini uzito si ule ule, kwa sababu maji yameondoka. Ubao mbichi ni ubao na ndoo ya maji. Wakati mmoja aliwahi kurudisha lori zima kwa sababu mpimaji alipima mbao mbichi akaziandika kavu, na akamlazimisha aandike upya mbele ya wafanyakazi wote, huku akimwuliza kama kampuni inauza mbao au inauza mto.

Akainua macho ukutani. Karatasi ya Devotha ilisema unga wa mahindi. Yeye alikuwa anapima ugali.

"Baba Devotha," alisema, "ulikuwa unataka kusonga?"

Alikuwa anataka. Maji yalikwisha kuchemka. Faustina akamwambia ayamwage, waanze upya. Joachim akauliza wanaanza upya nini, ugali au ndoa. Faustina alipima sufuria tupu: gramu mia sita arobaini. Alipima unga: gramu mia tano kamili. Kisha akakaa kwenye kigoda na kumwachia mumewe kazi, kwa sababu mikono yake haikuwa na nguvu ya mwiko, na hilo nalo alilitia akilini. Joachim alisonga kama anavyosonga siku zote, ugali wa nyumba nzima, mgumu, unaosimama. Ulipoiva wakaiinua sufuria yote juu ya mizani. Elfu mbili mia mbili arobaini.

Faustina akatoa sufuria. Unga nusu kilo ulikuwa umekuwa ugali kilo moja na gramu mia sita.

Alifanya hesabu pembeni ya ile barua ya Joachim, maana ndiyo karatasi iliyokuwa karibu. Hata theluthi moja ya ugali haikuwa unga. Iliyobaki ilikuwa maji ya bombani. Gramu mia za ugali hazikuwa na kalori mia tatu sitini, zilikuwa na mia moja na kumi na mbili. Maharage, hadithi ile ile: karatasi ilihesabu yakiwa makavu, yeye aliyachota yameiva na kuvimba. Alijumlisha siku nzima, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu.

Mia sita na themanini. Siku ishirini na nne, mtu mzima, kalori mia sita na themanini, na pampu ya lita ishirini mgongoni.

Aliisukuma karatasi upande wa Joachim. Joachim alisoma taratibu, mdomo ukitikisika. Alipofika mwisho hakusema neno la ushindi, ingawa alikuwa na haki nalo. Alisema tu, "Mke wangu, umekuwa ukila maji."

Faustina alimpigia Devotha, akaweka simu mezani ili wote wasikie. Hakumsalimu sana. Alimwuliza yeye huko Mwanjelwa anapimaje ugali wake. Devotha alisema anapima unga, kisha anapika, kisha anakula wote. Anaishi peke yake, ana sufuria moja kama kofia, anachopima ndicho anachokula. Kwani mama anapima wapi?

"Kwenye sahani."

"Ukiwa umeshaiva?"

"Devotha, sisi hapa tunasonga chungu kimoja. Unadhani kila mtu ana unga wake?"

Walimsikia Devotha akihesabu kwa sauti ya chini, kisha wakasikia anavuta kamasi. Alisema mtoto wa chekechea anakula kuliko hivyo. Alisema yeye ndiye aliyeandika ile karatasi, na picha za makofi ametuma yeye, na kumbe alikuwa anapiga makofi mama yake akiisha.

Faustina alimkata. Karatasi ilisema unga, alisema, na aliyeweka ugali juu ya mizani ana stashahada. Aache kulia, aseme la kufanya. Devotha akatulia, akasema. Pima unga wote kabla haujaingia chunguni, pima chungu kikiiva, toa uzito wa chungu, ujue kila gramu mia ya ugali ina unga kiasi gani. Maharage vivyo hivyo, makavu kwanza. Usirukie chakula kingi kwa siku moja. Panda taratibu mpaka elfu moja mia tisa, maana mazoezi yako ni mazito, na bado utapungua, ila polepole. Ongeza yai. Ongeza maziwa. Kilo ulizopoteza nyingine ni misuli, mama, na misuli hairudi kwa siku nne.

Siku nne ndizo zilizobaki kufika Jumatano.

Simu ilipokatika, Joachim alijifuta mikono na kusema jambo la busara. Kama tatizo ni chakula na siyo ugonjwa, basi getini hapana haja ya kwenda. Ampigie Gerson, mkuu wa shamba, amwambie ana malaria. Watu wa malaria kila mwaka wanapimwa awamu ya pili, wiki tatu baadaye, na hakuna anayewauliza kitu. Malaria haina aibu. Nani anataka kusimama mbele ya watu aliokuwa anawafundisha kupima mbao, aseme alishindwa kupima ugali?

Faustina alilifikiria. Lingekuwa uongo mdogo, na lingepita. Gerson alikuwa anafunga orodha saa kumi jioni, na sasa ilikuwa saa nane kasoro. Tayari alikuwa ameshika simu alipomkumbuka Lusia.

Lusia alikuwa mdogo kuliko wote kikosini, miaka ishirini na tisa, kibarua wa msimu aliyeahidiwa ajira ya kudumu akifika mnarani. Wiki mbili zilizopita alimwomba dada Faustina dawa ya kupungua, na Faustina akampa nakala ya ile karatasi, pamoja na maelezo: weka ugali kwenye mizani, usizidishe mia na hamsini. Alhamisi, katikati ya kilima, Lusia aliketi chini mara mbili. Faustina alisimama juu yake akamwambia ainuke, nidhamu inauma.

"Nikisema malaria," alimwambia Joachim, "Lusia atapanda Jumatano na kipande cha ugali tumboni. Na nitakuwa nimempandisha mimi."

Akapiga. Gerson alipokea kwa pilikapilika za mtu mwenye makaratasi. Faustina alimwamkia, kisha akamweleza jambo lote kuanzia mwanzo, bila kulipamba: mizani, unga, ugali, mia sita na themanini, Lusia. Alisema leo asubuhi ameanguka kilimani. Alisema anaomba wote wawili, yeye na Lusia, waende awamu ya pili, na kwamba kosa ni lake, Lusia alifuata tu aliloambiwa na kiongozi wake.

Gerson alicheka kwanza. Alicheka mpaka akakohoa, akasema ngoja, ngoja, wewe wa lori la mbao mbichi? Faustina akasema ndiye huyo huyo. Kicheko kikaisha. Gerson akauliza alianguka sehemu gani ya kilima, kama pampu ilikuwa imejaa, na kama kichwa kiligonga. Halafu Faustina akasikia kalamu ikiandika.

"Awamu ya pili ni tarehe tano Julai," alisema hatimaye. "Lusia nafasi yake inamngoja, siwezi kumwadhibu kwa hesabu zako. Wewe, kikosi anakishika msaidizi wako Timotheo kuanzia Jumatatu. Ukifika mnarani kwa dakika thelathini, nakurudishia. Usipofika, kinabaki kwake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mkuu."

"Na Jumatatu asubuhi, gwaride likiisha, utawaeleza wenyewe. Wako wengine wanaokunywa chai ya kukondesha, nimewaona. Wasikie kwako."

Hilo lilimkata kuliko la Timotheo. Alisema sawa.

Alipoweka simu, Joachim alikuwa amekwisha kuikunja ile barua yake na kuitia mfukoni bila kuambiwa. Alipakua. Faustina akaweka sahani juu ya mizani, akamega mpaka ikafika mia nne, akaandika kwenye simu, safari hii akichagua gramu za unga zilizokuwamo. Akachota maharage, akachukua mayai mawili. Joachim alimtazama akila kama mtu anayetazama mvua ya kwanza, hataki kusema neno isije ikakatika. Tonge la tatu lilipopita, Faustina alihisi joto likishuka mpaka kwenye vidole vya miguu, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa nyuma ya mkono na kuendelea kutafuna.

Hakusubiri kunyoosha mgongo. Alifunga ugali mwingine kwenye bakuli, maharage kwenye kopo lenye mfuniko, akavaa sweta na kutoka. Joachim alitaka kumwitia bodaboda, akakataa. Lusia alikaa nyumba ya sita tu kushuka barabara. Alitembea taratibu, akipumzika mara moja kwenye kona ya mashine ya kusaga.

Lusia alikuwa ameketi uani kwenye jua hafifu la Juni, blanketi mabegani, midomo imepauka. Alipomwona kiongozi wake alijaribu kusimama upesi, akashika ukuta.

"Kaa," alisema Faustina, kisha akamsalimu kwa salamu ya kwao. "Kamwene."

"Kamwene, dada. Nitafika Jumatano, ni mafua tu."

"Jumatano hupandi. Mimi pia sipandi. Tunapanda tarehe tano Julai, nimeshaongea na Gerson, na nafasi yako ipo." Alifungua bakuli na kuliweka kwenye magoti ya Lusia. "Nilikupa hesabu mbovu. Hesabu ya karatasi ilikuwa ya unga mkavu, sisi tukapima ugali ulioiva. Tumekaa na njaa siku zote hizi kwa ujinga wangu. Kula kwanza, nitakueleza ukiwa umeshiba."

Lusia aliutazama ugali, kisha akamtazama yeye, akitafuta apunguze wapi.

"Nipime kiasi gani, dada?"

"Leo usipime. Kesho asubuhi nakuja na mizani, tunapima unga pamoja kabla maji hayajachemka."

Lusia akanawa kwenye beseni lililokuwa karibu, akamega tonge, akalichovya. Faustina akavuta kigoda, akakaa mbele yake.